Ubao wa tanga au kaiti: mwongozo kamili kwa mkazi wa Dodoma anayetaka kuanza

Anayeishi pwani anaweza kuchagua kati ya michezo hii miwili kwa kutazama upi umempendeza zaidi. Wewe wa Dodoma, Kondoa, Manyoni au Singida una swali la kujibu kwanza: miezi ile ambayo hutakuwa baharini, mazoezi utayafanyia wapi? Wengi hulipuuza, wakanunua vifaa, na vifaa vikaishia stoo.

Tuelewane kwanza. Kwenye windsafingi unasimama juu ya ubao wenye tanga. Mlingoti wa tanga hilo umeunganishwa na ubao kwa kiungio cha mpira kinachouruhusu kulala upande wowote, nawe unalishika tanga kwa bumu, yaani fimbo iliyopinda inayolizunguka pande zote mbili. Kwenye kaitisafingi tanga limehamia angani: ni tiara kubwa iliyo mita 20 hadi 24 kutoka ulipo, inakuvuta kiunoni kwa kamba nne au tano, na miguuni una ubao mfupi wa sentimita 135 hadi 145. Hapa tutasema ubao wa tanga kwa mchezo wa kwanza na kaiti kwa wa pili.

Tofauti kubwa iko kwenye namna unavyojifunza. Kwenye ubao wa tanga, saa mbili au tatu za mwanzo zinatosha kusimama, kwenda mbele na kugeuka kurudi, lakini kufika mahali ubao unaruka juu ya maji kwa kasi, umejifunga hanesi, yaani mkanda mpana wa kiunoni, na miguu iko kwenye mikanda, kunachukua misimu. Kaiti ni kinyume chake. Saa 9 hadi 12 za mafunzo zinapita kabla hujasimama hata mara moja kwa uhakika, lakini ukishasimama, maendeleo yanakuja haraka.

Pima upepo kabla ya kitu kingine chochote

Kanda ya kati haina uhaba wa upepo. Wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, upepo wa mashariki na kusini mashariki huvuma siku nyingi. Shida ni tabia yake. Upepo wa baharini unakuja ukiwa umenyooka kwa sababu haujagonga kitu, wakati wetu umepita kwenye vilima, miti, nyumba na ardhi iliyopata joto, kwa hiyo unakuja kwa mikupuo.

Nunua kipima upepo kidogo cha mkononi. Nenda pale unapofikiria kufanyia mazoezi kwa siku 14, si lazima mfululizo, na upime mara tatu kwa siku: saa tatu asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na moja jioni. Kila mara inua kipimo juu ya kichwa kwa dakika tano, ukiandika wastani na mkupuo mkubwa kuliko yote. Utabiri wa TMA hutaja upepo kwa kilomita kwa saa, na watu wa michezo hii hutumia noti. Noti moja ni kilomita 1.85 kwa saa.

Kisha soma daftari lako hivi. Ubao wa tanga kwa anayeanza unataka noti 7 hadi 12, yaani kilomita 13 hadi 22 kwa saa. Kaiti ya kujifunzia majini inataka noti 12 hadi 20, kilomita 22 hadi 37. Sasa gawanya mkupuo mkubwa kwa wastani. Ukipata chini ya 1.3, upepo huo ni mzuri kwa mchezo wowote. Kati ya 1.3 na 1.5, ubao wa tanga unavumilika, kwa sababu mkupuo ukija unaachia mkono mmoja na tanga linapoteza nguvu papo hapo. Zaidi ya 1.5, kaiti kubwa ya majini isipande kabisa. Nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa kasi yake: noti 12 zikigeuka 18, mvuto umezidi mara mbili na robo ndani ya sekunde, na wewe umefungwa nao kiunoni.

Kuna jambo la mwinuko pia, ambalo vitabu vya pwani havina haja ya kulitaja. Dodoma iko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kwa karibu asilimia 10. Noti 12 za Hombolo hazisukumi kama noti 12 za Paje, kule ufukweni Unguja. Kama pwani ungechukua tanga la mita za mraba 5, huku chukua 5.5.

Halafu chamchela. Hiyo nguzo ya vumbi inayozunguka huzaliwa ardhi ikishapata moto, hasa kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri siku za jua kali, na haitoi taarifa. Kwa anayerusha kaiti nchi kavu, muda huo ni wa kukunja kamba na kukaa kivulini.

Pima maji yako

Bwawa la Hombolo liko kilomita 40 hivi kutoka jijini. Mtera, kwenye mpaka wa Dodoma na Iringa, ni pana kiasi cha kumfanya mtu afikiri ameona bahari. Singida wana Singidani, ziwa la maji ya chumvi pembeni kabisa ya mji. Kila moja lina masharti yake.

Mtera ina boko na mamba, na ina miti iliyokufa ikiwa imesimama majini tangu bonde lilipojazwa kwa ajili ya umeme. Maji yakishuka matawi yanaonekana. Yakipanda, yanakuwa chini kidogo tu ya uso. Pezi la ubao likigonga kisiki, ubao unasimama ghafla na wewe unaendelea mbele. Kamba za kaiti zikinasa kwenye mti mkavu, kaiti inaendelea kuvuta huku wewe huwezi kwenda popote. Ongeza nyavu za wavuvi, na kwa anayejifunza jibu linakuwa jepesi: Mtera si darasa.

Mabwawa ya maji baridi yana kichocho pia. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wa kando ya maji na kupenya ngozi ndani ya dakika chache, hasa katikati ya mchana. Kujifuta taulo ukitoka hakutoshi kukulinda, na nguo ya kuogelea ya mpira hupunguza tu hatari. Anayejifunza ubao wa tanga huanguka mara 40 au 50 kwa siku, na mara nyingi karibu na ukingo wenye majani, ambako ndiko konokono wanakokaa. Ukiamua kuingia, ingia mahali pasipo na majani, kaa mbali na ukingo, na wiki sita hadi nane baadaye nenda kituo cha afya ukapime, hata kama hujisikii vibaya. Dawa yake, prazikwanteli, inajulikana na inatibu.

Kabla ya kuingia kwenye maji yoyote ya huku, waone wavuvi wa pale. Uliza mambo manne: kuna mamba au boko, nyavu zinalala wapi, visiki viko wapi, na upepo hubadilika saa ngapi. Mvuvi aliyekaa pale miaka kumi ana majibu ambayo hayapo kwenye simu yako. Omba pia ruhusa kwa wanaosimamia bwawa.

Uamuzi

Kama unapata likizo ya siku saba hadi kumi mara moja au mbili kwa mwaka, na huna gari la kubebea mbao ndefu, chagua kaiti. Watu hushangaa kusikia hivyo, kwani kaiti ndiyo inayotaka bahari. Lakini zaidi ya nusu ya ujuzi wa kaiti ni kuirusha, na kuirusha unajifunza nchi kavu, ukiwa na kaiti ndogo ya mazoezi, kwenye uwanja wa wazi wa Dodoma. Ukifika baharini, mikono imeshazoea. Vifaa vyake vyote vinaingia kwenye begi moja la mita moja na nusu.

Kama una gari lenye keria, mwenzako mmoja wa kuwa naye kila mara, na maji mliyoyathibitisha kwa daftari na kwa wavuvi, chagua ubao wa tanga. Unavumilia upepo wa mikupuo na noti chache. Ubao wenyewe ni boya: kila kitu kikiharibika, unaulalia. Ila ujue ubao wa kujifunzia una urefu wa mita 2.6 hadi 2.9 na upana unaokaribia mita moja, na huo si mzigo wa treni.

Mtoto wa miaka minane anaweza kuanza ubao wa tanga kwa tanga dogo. Kwa kaiti, aliye chini ya kilo 40 asubiri. Mwenye mgongo unaosumbua aelewe kwamba kuinua tanga kutoka majini mara 40 ni kazi ya mgongo, hata ukiifanya kwa usahihi.

Asiyeweza kuogelea mita 200 bila kusimama aanze na kuogelea. Jaketi okozi halichukui nafasi ya ujuzi huo.

Ukichagua kaiti: mwezi mmoja wa nchi kavu

Tafuta kaiti ya mazoezi ya mita za mraba 2 hadi 3, ile ya kitambaa kitupu kinachojazwa na upepo wenyewe, isiyo na tyubu. Kwa huku kwetu hilo ni muhimu. Kaiti ya majini ina mirija ya hewa, na ndani ya mirija mna tyubu nyembamba kuliko ya baiskeli. Ilaze mara moja kwenye ardhi yenye mbigili, na jioni nzima utakuwa unatafuta tundu kwa maji na povu la sabuni.

Uwanja uwe wazi mita 100 upande upepo unakoelekea, usiwe na nyaya za umeme, barabara, mifugo wala miti, na uwe mbali na uwanja wa ndege. Nyaya za umeme hazina mjadala: kamba iliyolowa au yenye vumbi na jasho inaweza kupitisha umeme hadi mikononi mwako. Rusha kwenye noti 8 hadi 12.

1. Simama umeupa upepo mgongo. Nyoosha kamba kuelekea upepo unakokwenda, moja moja, na hakikisha hazijapishana. Kamba ya kushoto iende kushoto kwa mpini na kushoto kwa kaiti. Zikigeuzwa, kaiti itaenda kulia unapoiambia kushoto, na itakupiga chini kabla hujaelewa.

2. Fikiria uso wa saa umesimama mbele yako, namba 12 ikiwa juu ya kichwa. Kaiti ikiwa 12 inatulia. Ikishuka 10 au 2 inaanza kuvuta. Ikipita katikati kabisa, mbele ya kifua chako, inavuta kwa nguvu zake zote. Siku tatu za mwanzo, icheze kati ya 11 na 1 tu.

3. Vuta mpini upande unaotaka, kwa sentimita chache. Wengi huuzungusha kama usukani wa gari, na hapo hakuna kinachotokea. Kuvuta ndiko kunakogeuza.

4. Kaiti ikikutisha, achia mpini. Kosa la kwanza la kila anayeanza ni kuubana na kuuvuta kifuani, na hilo huongeza nguvu badala ya kuipunguza. Fanya zoezi la kuachia mara kumi kwa makusudi, mpaka mikono ifungue yenyewe.

5. Chora namba nane iliyolala, upande wa kushoto kisha wa kulia. Baadaye fanya hivyo kwa mkono mmoja. Baadaye fanya huku ukitembea na ukitazama mbele, si kaiti. Ukimaliza namba nane 50 mfululizo bila kuitazama, uko tayari kwa maji.

Usizungushe kamba kwenye kidole au mkono hata kwa sekunde moja. Kamba ile nyembamba ikikaza, inakata.

Safari ya Paje

Tangu 2024 treni ya SGR inakufikisha Dar es Salaam kwa chini ya saa tano. Panda boti hadi Unguja, kisha kilomita 50 hivi za barabara hadi Paje. Kusi huvuma kati ya Juni na Septemba, na ukitazama bahari inatokea mkono wako wa kulia. Kaskazi ni kati ya Desemba na mwanzoni mwa Machi, inatokea kushoto. Zote mbili zinakusukuma kuelekea ufukweni au sambamba nao, na hiyo ndiyo sababu mahali pale panafaa kwa anayeanza. Upepo unaotoka nchi kavu kwenda baharini usiuingie, hata ukiwa mwanana namna gani.

Tazama kalenda ya mwezi kabla ya kukata tiketi. Siku za bamvua, karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hukupwa mpaka sehemu kubwa ya bahari ya ndani ya mwamba ikabaki mchanga na vidimbwi. Siku za maji mafu unapata saa nyingi zaidi za mafunzo. Vaa viatu vya majini, kwa ajili ya mawe na vile viumbe vyeusi vyenye miiba mirefu. Kaa mbali na vigingi vya mashamba ya mwani. Ni riziki ya kina mama wa pale, na kamba zake zinaweza kunasa pezi lako.

Mwalimu mzuri atakufundisha kwa mpangilio huu: kifyatuo cha dharura (kinachoondoa mvuto wa kaiti), kurusha na kushusha kaiti ukiwa na msaidizi, kuvutwa majini ukiwa umelala bila ubao, kuinua kaiti iliyoangukia majini, kujiokoa, na mwisho kabisa kusimama kwenye ubao. Akikuwekea ubao miguuni kabla hujaweza kufyatua hanesi ukiwa umefumba macho, badilisha mwalimu. Kifyatuo kinatakiwa kufunguka kwa msukumo mmoja wa mkono. Mchanga ukiingia kinaganda, kwa hiyo kisuuze na ukijaribu kila siku kabla ya kuingia.

Kukadiria ukubwa wa kaiti, chukua uzito wako kwa kilo, zidisha kwa 2.2, gawanya kwa noti. Mwenye kilo 75 kwenye noti 15 anapata mita 11. Kwenye noti 20 anapata 8 na kidogo. Anayejifunza ashuke saizi moja chini ya hesabu hiyo.

Ukichagua ubao wa tanga: siku ya kwanza

Ubao wako uwe na lita sawa na uzito wako ukiongeza 100. Mwenye kilo 70 achukue wa lita 170 hivi, wenye mkuku wa kushusha katikati. Bila mkuku, utasukumwa demani, yaani upande upepo unakokwenda, siku nzima na kurudi kwa miguu. Tanga liwe mita 4 hadi 5.5. Paje yenyewe ni ya kaiti zaidi, hivyo piga simu kabla ya safari na uulize kama wana mbao kubwa za namna hiyo.

Tanga likiwa limelala majini upande wa demani, panda ubao kutoka joshini, yaani upande upepo unakotoka. Weka miguu pande mbili za kiungio cha mlingoti, mgongo wako ukiwa umeelekea upepo. Shika kamba ya kuinulia, kunja magoti, nyoosha mgongo, kisha egemea nyuma uzito wako ufanye kazi. Hapo usiwe na haraka. Juu ya tanga kuna ndoo nyingi za maji, na ukivuta kwa pupa unaliinua pamoja na maji yote hayo. Likiinuka kidogo utasikia maji yakichuruzika kutoka kwenye kitambaa, na uzito utapungua mkononi kadiri yanavyomwagika. Subiri mlio huo. Kisha inua lililobaki mkono kwa mkono.

Tanga likiwa juu linapepea bila kuvuta, na ubao umekaa ukikatisha upepo, shika bumu kwa mkono wa mbele. Vuta mlingoti ukupite usoni mpaka ujisikie mwepesi. Mguu wa mbele uelekeze puani mwa ubao, wa nyuma usogeze nyuma ya kiungio. Ndipo mkono wa nyuma ushike bumu na kuvuta taratibu, kama unavyofunga mlango mzito. Ubao utaanza kwenda.

Mkupuo ukija, fungua mkono wa nyuma. Anayeanza huachia wa mbele, na tanga zima humwangukia. Kugeuza ni kwa kulaza mlingoti: ulaze nyuma, pua inapanda joshini; ulaze mbele, pua inashuka demani. Kurudi ulikotoka kwa kubisha, yaani kupanda joshini kwa kwenda upande upande, ni kazi ya siku ya pili, na ni hapo utakaposhukuru kwa mkuku.

Ukichoka au upepo ukizidi, lalia ubao kifudifudi, weka tanga juu ya sehemu ya nyuma, piga kasia kwa mikono. Usiuache ubao ukaogelea kwenda ufukweni.

Kununua vilivyotumika, na kuvitunza huku kwetu

Kaiti ya kabla ya 2006 usiichukue hata kwa zawadi. Nyingi za enzi hizo haziwezi kuondoa nguvu zote mpini ukiachiwa. Ijaze hewa, iache saa mbili, uone kama mrija umelegea. Shika kitambaa kwa vidole viwili na ukisugue karibu na sikio. Kizima kinakwaruza kama karatasi mpya. Kilichochoshwa na jua kinanyamaza na kujikunja kama leso. Nyoosha kamba zote nne kutoka sehemu moja na uzilinganishe. Tofauti ya sentimita tatu inatosha kuifanya kaiti ivute upande.

Kwenye ubao wa tanga, kunja kiungio cha mpira hadi mwisho na utazame kama kuna ufa. Bonyeza sitaha kwa dole gumba, sehemu ya kusimama na kuzunguka tundu la mlingoti. Pakizama kidogo, maji yameshaingia ndani. Madirisha ya plastiki ya tanga yakishaanza kuwa meupe na magumu, yatapasuka siku ya upepo wa kwanza.

Jua la Dodoma linaua vifaa hivi haraka kuliko chumvi. Usiache kaiti ndani ya gari lililofungwa mchana, kwa sababu joto hulegeza gundi ya valvu na tyubu zikaanza kuvuja. Tanga lisikae limesimikwa juani wakati unapumzika. Ukirudi kutoka pwani, suuza hanesi, kifyatuo na kiungio kwa maji yasiyo na chumvi, kausha kivulini, na kabla ya kukunja kitambaa pitisha kiganja juu yake chote ukitafuta mbigili.